Uzi mmoja wa sauti: kisa cha kansa ya kikoromeo iliyotolewa kupitia mdomoni, Goma

Mgonjwa wa kisa hiki alitibiwa Goma. Umri wake, kazi yake na mpangilio wa tarehe vimebadilishwa kidogo ili asitambulike, na hospitali haitajwi. Mambo ya tiba yameachwa yalivyokuwa. Walengwa ni waganga wa vituo vya afya, wauguzi wa chumba cha upasuaji, na madaktari wa koo wanaofanya kazi bila leza wala roboti.

Mgonjwa na miezi saba ya kuzunguka

Papa M., miaka 58, huita abiria kwenye parking ya mabasi madogo. Kazi yake ni kupiga kelele kuanzia alfajiri hadi jioni, katikati ya moshi wa magari na vumbi la mawe ya volkano. Amevuta sigara kwa zaidi ya miaka thelathini, kati ya kumi na tano na ishirini kwa siku. Anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na mwisho wa wiki kanyanga, pombe kali ya kienyeji.

Sauti ilianza kukwaruza. Yeye, jirani zake na mganga wa kwanza wote waliona ni jambo la kawaida: mtu anayepiga kelele kutwa lazima akauke sauti. Alipewa amoksisilini mara tatu katika miezi mitatu. Katikati ya dozi hizo akakatwa kimeo mtaani. Kwa siku kumi sauti ilionekana kupata nafuu, na hapo ndipo muda mwingi ulipopotea, kwa sababu kilichompa nafuu ni maumivu ya kidonda. Yalimfanya anyamaze, na nyuzi zikapumzika. Kimeo kinaning'inia nyuma ya kinywa. Sauti inatoka chini zaidi, ndani ya kikoromeo. Kukikata hakugusi uzi wa sauti hata kidogo, ila kunaweza kumwaga damu nyingi na kuacha maambukizo.

Baadaye kituo kingine kilimpa omeprazoli kwa miezi miwili, kikidhani asidi ya tumbo inapanda kooni. Mwezi wa sita akashukiwa kifua kikuu. Makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, hakuna kitu. Picha ya kifua ikawa safi. Hata hivyo kulikuwa na pendekezo la kuanza dawa za kifua kikuu "kwa kujaribu". Muuguzi mmoja alikataa, akamwandikia karatasi ya kumpeleka kwa daktari wa koo. Karatasi hiyo ilikuwa na mistari miwili tu: sauti imekauka miezi saba, mvutaji sigara, kikoromeo hakijawahi kuangaliwa.

Kilichoonekana

Kamera nyembamba ilipitishwa puani baada ya ganzi ya kupuliza. "Papa, sema iii, uivute," daktari alimwambia. Uzi wa kulia ulikuwa na doa jeupe, gumu, lenye uso kama ganda la mkate, kwenye theluthi ya kati likielekea mbele. Nyuzi zote mbili zilifunguka na kufunga vizuri. Shingoni hakukuwa na uvimbe. Hakuwa amepungua uzito, alimeza bila shida, na sikio halikumuuma.

Uzi kutembea vizuri ni habari kubwa kuliko inavyosikika. Kansa ikiwa kwenye uzi mmoja unaocheza huitwa T1a. Ikiwa kwenye nyuzi zote mbili, T1b. Ikipanda juu au kushuka chini ya nyuzi, au uzi ukianza kuwa mzito, ni T2. Uzi ukisimama kabisa ni T3, na tiba inabadilika sura. Uzi wa sauti wenyewe una mishipa michache sana ya limfu, ndiyo maana kansa ndogo ya hapo hufika kwenye tezi za shingo kwa nadra, chini ya wagonjwa 5 kati ya 100. Kwa hiyo T1a haihitaji kupasua shingo.

Kikao cha uamuzi

Njia zilizowekwa mezani zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni mionzi. Kwa uzi wa sauti uliopatwa mapema, mpango unaotumika sana ni greyi 63 (greyi ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vikao 28, greyi 2.25 kila kikao. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba dozi hiyo ya kila siku inazuia ugonjwa vizuri kuliko greyi 2 za kawaida: asilimia 92 dhidi ya 77 baada ya miaka mitano. Kwa mtu wa Goma, mashine ya karibu iko Kigali, Kanombe, ambako mionzi ilianza mwaka 2019. Vikao 28, Jumatatu hadi Ijumaa, ni wiki tano na siku tatu za kulala na kula mbali na nyumbani.

Ya pili ni kukata kupitia mdomoni, bila jeraha la nje, bila tundu shingoni. Kwa T1a matokeo ya kuzuia ugonjwa yanalingana na ya mionzi, karibu wagonjwa 9 kati ya 10. Tofauti iko kwingine: upasuaji unaweza kurudiwa, na mionzi inabaki akiba. Mionzi ya dozi kamili mahali pale pale kwa kawaida hutolewa mara moja tu.

Ya tatu, kusubiri na kupiga picha tena baada ya miezi mitatu, ilitupwa dakika hiyo hiyo.

Timu ilichagua mdomoni. Papa M. aliuliza swali moja tu: "Docta, nikinyamaza wiki mbili, watoto watakula nini?" Jibu alilopewa halikumpaka asali. Aliambiwa kwamba baada ya kukatwa sauti itabaki ya kukwaruza, kwamba huenda asiweze tena kuita abiria, na kwamba bila tiba uvimbe ungeziba njia ya hewa. Akaomba siku tatu azungumze na mke wake na kaka yake mkubwa. Alipewa, na akarudi siku ya tatu.

Skana, yaani picha ya CT, haikupigwa. Hoja ilikuwa kwamba kwa T1a iliyo katikati ya uzi, skana haiongezi mengi, na pesa hiyo ingesaidia maabara. Tutarudi kwenye hoja hii.

Upasuaji wa kwanza

Nusukaputi ilitolewa kwa bomba jembamba la milimita 5.0, refu, lenye puto. Bomba la kawaida la mwanamume, 7.5 au 8, linajaza nafasi yote na kuficha nyuma ya nyuzi. Deksamethasoni miligramu 8 ilidungwa mwanzoni kupunguza uvimbe. Meno ya juu yalifunikwa kwa kinga. Kwa asiye na meno, shashi yenye maji kwenye ufizi inatosha.

Mlalo: shingo imekunjwa mbele, kichwa kimeinuliwa nyuma, kama mtu anayenusa sufuria iliyo mbele yake. Bomba la chuma la kuangalia kikoromeo likaingizwa na kuning'inizwa kwa mkono wake wa kushikilia. Hapo ikatokea shida ya kwanza. Shingo ya Papa M. ilikuwa fupi na ngumu, na pembe ya mbele, pale nyuzi mbili zinapokutana, haikuonekana yote. Msaidizi akabonyeza kikoromeo kwa nje kwa vidole; pembe ikajitokeza, kisha vidole vikachoka na pembe ikajificha. Kazi iliendelea hivyo.

Kabla ya kukata, maji ya chumvi yenye adrenalini kidogo yalidungwa chini ya ngozi ya uzi kwa sindano nyembamba. Sehemu ya nyuma ya doa ilinyanyuka kama godoro linalojazwa upepo. Sehemu ya mbele ilikataa kunyanyuka, ikabaki imeshikana na kilicho chini. Hii ni dalili ya kuheshimu sana: ngozi isiyonyanyuka inaonyesha ugonjwa umeshuka kwenye kano, hivyo kumenya juu juu hakutoshi. Katika mpangilio wa chama cha Ulaya cha madaktari wa kikoromeo wa mwaka 2000, aina ya I humenya ngozi tu, aina ya II huchukua na kano, aina ya III huingia sehemu ya msuli, aina ya IV hutoa uzi mzima. Timu ilifanya aina ya III.

Darubini ya upasuaji iliwekwa lenzi ya milimita 400 ili vyombo virefu vipate nafasi. Mkasi mdogo ulifungua nyuma, kisha kisu kikafuata ukingo kwenda mbele. Pamba ndogo zenye adrenalini ya 1 kwa 10,000 zilizuia damu. Muuguzi alizihesabu zikiingia na zikitoka, kila moja na uzi wake unaoning'inia nje ya mdomo. Tone moja la mbele halikukatika, likachomwa kwa umeme. Mchomo huo mdogo utarudi kwenye habari hii.

Kila nusu saa mvutano wa bomba ulilegezwa kidogo ili ulimi usife ganzi. Kabla ya kutoka, timu ilipitia tonsili, mifuko ya pembeni ya kikoromeo na mlango wa umio, kwa sababu moshi na pombe haviharibu sehemu moja tu.

Kipande kilitoka kizima, kirefu kidogo kuliko punje ya mchele. Kilitandazwa juu ya kipande cha karatasi ngumu chenye mchoro wa uzi wa sauti, kikabandikwa kwa pini nyembamba mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma, wino wa bluu ukapakwa ukingo wa mbele na mweusi ukingo wa chini. Ndipo kikaingizwa kwenye formalini ya asilimia 10, kiasi kisichopungua mara kumi ya nyama. Kipande kidogo namna hiyo kikitupwa kwenye chupa bila alama, hujikunja kama ganda la ndizi lililokauka, na hakuna mtaalamu wa patholojia duniani atakayejua mbele ni wapi.

Jibu la maabara

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: kansa ya seli bapa, iliyokomaa vizuri, milimita 7. Ukingo wa nyuma, wa juu na wa chini ni safi. Ukingo wa bluu, wa mbele: "hauwezi kusomwa, tishu imechomwa, seli za kansa ziko karibu."

Swali likawa: kuangalia tu, kupeleka Kanombe, au kukata tena? Kuangalia tu kulikuwa kamari upande ule usioonekana vizuri. Mionzi ingefaa, na kwa mgonjwa asiyeweza kurudi mara kwa mara ndiyo ingekuwa chaguo bora. Lakini Papa M. anaishi mjini, anarudi, na eneo la shaka lilikuwa milimita chache. Timu ikaamua kukata tena wiki ya nane, uvimbe wa kidonda ukishatulia. Safari hii skana ilipigwa kwanza, yenye dawa ya mshipa na vipande vya milimita 1. Gegedu halikuguswa, ingawa msomaji aliandika kwamba uvimbe wa kidonda unafanya pembe ya mbele isomeke kwa shida.

Upasuaji wa pili

Mambo mawili yalibadilika. Bomba la kuangalia lilikuwa jembamba zaidi, lile lenye ncha iliyopinda kwa ajili ya pembe ya mbele. Na badala ya vidole, utepe mpana wa plasta ulipitishwa juu ya kikoromeo na kubandikwa pande zote mbili za meza. Utepe hauchoki. Kisha kioo cha kutazamia cha milimita 4, kinachoona pembeni kwa digrii 30, baadaye cha digrii 70, kilipitishwa ndani ya bomba ili kuangalia chini ya pembe, mahali ambapo darubini iliyonyooka haifiki.

Katikati ya kidonda kulikuwa na kinyama chekundu cha mviringo. Hicho hutokea mara nyingi baada ya kukata uzi na si lazima kiwe kansa, ila hakiaminiwi kwa macho. Kilitolewa na kuwekwa chupa yake. Pembe ya mbele ilikatwa kwa mkasi bila kuchomwa, pamoja na ukingo mdogo wa uzi wa kushoto. Damu ilizuiwa kwa pamba na subira ya dakika tano.

Maabara: kinyama ni cha kidonda tu. Kipande cha mbele kina mabaki ya kansa ya milimita 2, na ukingo safi kwa zaidi ya milimita 1. Kwenye uzi wa sauti, milimita 1 hadi 2 inakubalika. Si kama ulimi, ambako hutafutwa milimita 5 au zaidi.

Matokeo

Siku zote mbili alilala usiku mmoja chini ya uangalizi wa pumzi, akanywa maji jioni hiyo hiyo, akaenda nyumbani asubuhi na parasetamoli. Alinyamaza siku tano kila mara, kisha maneno machache kwa sauti laini. Kunong'ona kulikatazwa, kwa sababu kunakaza nyuzi kuliko kusema polepole.

Miezi kumi na nne baada ya upasuaji wa pili hakuna dalili ya kansa. Anapumua, anameza, na kwenye simu anasikika. Kuita abiria kwenye parking hawezi. Sasa anashika daftari na kupokea nauli, mtoto wa kaka yake ndiye anayepiga kelele. Pembe ya mbele imejenga utando mdogo, kwa kuwa nyuzi zote mbili ziliachwa na kidonda pale zinapogusana. Timu imeamua kutoukata kwa sasa: haumzibi pumzi, na kidonda kipya kingevuruga uangalizi wa miaka miwili ya kwanza. Sigara aliacha miezi mitano, akarudia tatu kwa siku, akaacha tena. Anaandikwa kama anayejaribu.

Uchambuzi

Kosa la kwanza halikuwa la chumba cha upasuaji. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu kwa mvutaji sigara wa umri huu inahitaji jicho ndani ya kikoromeo kabla ya dozi ya pili ya kitu chochote. Kifua kikuu cha kikoromeo kipo kwetu, na kinaweza kufanana kabisa na kansa. Lakini kwa kawaida huja pamoja na mapafu yaliyoathirika. Makohozi safi na picha safi vinapaswa kuturudisha kwenye kipimo cha nyama. Dawa za majaribio zingekula miezi miwili mingine au zaidi.

La pili ni skana. Hoja ya kuiacha ilikuwa sahihi kwa doa la katikati ya uzi. Lakini doa lilielekea mbele, na pembe ya mbele iko milimita chache tu kutoka kwenye gegedu. Kwa hiyo ilipaswa kupigwa kabla ya kisu cha kwanza, wakati picha ingali safi. Pesa ilitumika ileile, ila ilinunua picha yenye ukungu.

La tatu ndilo zito. Timu ilikata mahali ambapo haikuona vizuri, kisha ikachoma ukingo uleule. Moto unabana nyama na kuzikunja seli hadi hazisomeki. Mtu akibakiwa na tone moja la damu mbele, adrenalini na dakika tano ni bei nafuu kuliko nusukaputi ya pili. Na pembe isipoonekana hata kwa bomba la ncha iliyopinda, utepe na vioo vya pembeni, uamuzi wa haki ni kushusha vyombo na kumpeleka mgonjwa kwenye mionzi. Upasuaji wa mdomoni ni mpole pale tu unapoonekana.

Kilichosaidia ni wino na karatasi. Bila alama ya bluu, jibu lingesema "ukingo mmoja una shaka," na timu ingelazimika kukata pande zote au kumpeleka Kanombe kwa ajili ya milimita 2.

Wasomaji wengi watauliza kuhusu leza. Strong na Jako walianza kuitumia kikoromeoni Boston mwaka 1972, na ni chombo kizuri: inakata ikizuia damu. Inadai pia bomba lisiloshika moto, puto lililojazwa maji yenye rangi, na oksijeni chini ya asilimia 30, maana cheche ndani ya njia ya hewa inaweza kuua kwa sekunde. Roboti iliyoruhusiwa Marekani kwa upasuaji wa mdomoni mwaka 2009 inafaa zaidi tonsili na shina la ulimi. Kwa kipande cha milimita 7 kwenye uzi wa sauti, mkasi ulionolewa vizuri hauna aibu.

Neno "mpole" lenyewe linahitaji tahadhari. Kwa T3, tangu majaribio ya Marekani ya 1991 na 2003, wengi wameokoa kikoromeo chao kwa mionzi na dawa badala ya kukitoa chote. Lakini huo ni mpango wa greyi 70 kwa vikao 35 na sisplatini, dawa ya kansa, miligramu 100 kwa kila mita mraba ya mwili mara tatu, wenye vidonda vya mdomo, figo za kulinda kwa maji mengi na masikio yanayoweza kupoteza usikivu. Kwa kansa ya koo la juu inayoletwa na virusi vya HPV, ilijaribiwa kuweka dawa nyingine, setuksimabu, badala ya sisplatini ili wagonjwa waumie kidogo. Majaribio mawili makubwa yaliyotoka 2018 yalionyesha waliopata setuksimabu walikufa zaidi, na madhara hayakupungua kama ilivyotarajiwa.

Ratiba ya Papa M. ni kamera puani kila mwezi mmoja na nusu mwaka wa kwanza, kila miezi mitatu wa pili, kisha kila miezi sita hadi miaka mitano itimie. Kituo chake cha mtaani kimepewa nusu karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la dawa: sauti ikizidi kukauka, pumzi ikianza kupiga mluzi, uvimbe ukitokea shingoni, au sikio likiuma huku lenyewe ni zima, aletwe ndani ya wiki hiyo. Mstari wa mwisho umepigiwa chini mara mbili: asipewe amoksisilini kwanza.